Mwaka wa Raki ya Nyarubungo

Siku tulipomzika Mama Adventina, kipaza sauti cha kwaya kilikata katikati ya wimbo wa kuingilia, na katekista akasimama mlangoni mwa kanisa akaita, "Jamani, hakuna fundi hapa?" Vijana wakasukumana. Mimi nilikuwa benchi la akina mama, nimejifunga kitenge, magoti yakinigomba, na nikanyamaza. Nimeshajifunza kwamba mwanamke wa umri wangu akisema yeye ni fundi, watu huenda kumtafutia cherehani. Lakini kijana mmoja alipoanza kumenya waya kwa meno, uvumilivu ukaniishia. Nikaenda, nikamwomba anipishe, nikavuta waya mmoja mmoja kwa vidole viwili mpaka ule mlegevu ukaniachia mkononi, nikaukaza upya, na kwaya ikarudi pale ilipokatikia. Nyuma yangu mzee mmoja alimuuliza mwenzake, "Huyu mama ni nani?" Akajibiwa, "Mtoto wa marehemu." Kwa damu si kweli. Sikumsahihisha, na nilipofika tena kwenye benchi langu ndipo nilipolia vizuri kwa mara ya kwanza tangu niletewe habari ya msiba.

Tulimzika kwao Bugarama, wilaya ya Ngara, kwenye ardhi nyekundu iliyoshika viatu vyetu kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Lakini tangu siku ile ninayemwona kichwani si marehemu wa Bugarama. Ninamwona akiwa Nyarubungo, upande wa Biharamulo, mwaka ule nilipofunga raki yangu ya kwanza. Habari za kwetu na za shule naziruka, hazina tofauti na za wengine. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti kisichokuwa na mkunjo, nikapokewa kwa majaribio kwenye mradi wa maji uliokuwa ukijenga vituo vya pampu kutoka mabondeni kupandisha maji vilimani. Aliyenipokea ni Fundi Masanja, Msukuma wa Shinyanga, mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyokuwa miepesi kupita ya mshona nguo. Kila asubuhi alinisalimu, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje mama, ingawa ningeweza kuwa binti yake wa mwisho, nami nikamjibu, "Shikamoo fundi," tukawa tumeheshimiana na kazi inaanza.

Mama Adventina alikuwa mtunza kituo. Alifagia, alipika, alifungua na kufunga milango, na alijua kila aliyepita njia ile na alikokuwa akienda. Alikuwa mjane, na watu wa Ngara wana usafi wao, lakini wake ulikuwa wa kupindukia. Nyumba ya kituo ilikuwa na vyumba vya kulala upande mmoja na chumba cha mitambo upande wa pili, bati juu, bila dari, na kuta hazikufika kwenye bati. Kwa hiyo chochote kilichosemwa chumba kimoja kilikuwa mali ya nyumba nzima. Nilijua ndoto za Masanja kwa sababu alizisimulia akivaa viatu. Nililala chumba cha Mama Adventina, kitanda cha dirishani, na kila kilichokuwa mle ndani kilikuwa kimevishwa. Redio ilikuwa na kitambaa cha kufuma, chupa ya chai ilikuwa na chake, mtungi wa maji una chake, hata koti la marehemu mumewe ukutani lilikuwa limefunikwa mabega. Alifuma kila alipokaa, huku akiongea, bila kuangalia sindano. Jioni tulikula ndizi zilizopikwa na maharage, au ugali wa muhogo na dagaa, na Masanja alipopata kifurushi kutoka kwa mkewe tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, vikichemshwa na karanga. Mama Adventina aliyaonja kwa adabu akasema chakula cha Wasukuma kinahitaji meno ya ng'ombe. Masanja akamwambia ndiyo maana wana ng'ombe wengi.

Raki yenyewe, kwa asiyeijua, ni kama kabati dogo la chuma, letu likiwa bado bila mlango, lenye nafasi zilizopangwa safu moja. Katika kila nafasi unasukuma moduli, kisanduku kama kitabu kinene, na kila moduli ina kazi yake. Ya kwanza inagawa umeme, inayofuata ndiyo ubongo, nyingine zinapokea habari kutoka kwenye tangi na mabomba, nyingine zinatoa amri kwa pampu. Masanja alinifundisha kugusa chuma cha ukutani kabla ya kugusa moduli, kwa sababu mwili wa mtu hubeba umeme mdogo usiousikia mwenyewe, lakini moduli huusikia na hufa. Alinifundisha kuifuatisha moduli kwenye reli zake, juu na chini, na kuisukuma polepole mpaka ilie tik. Ikikataa usilazimishe, itoe uanze upya. Kisha zikaja waya. Hizo aliniachia mimi. "Mimi nimefunga nyingi, zimenichosha," alisema, lakini nilijua ananipa kitu. Nikamenya waya, nikavika kila ncha kofia yake, nikaingiza, nikakaza kwa bisibisi, nikavuta. "Ikikuachia haikuwa yako," Masanja alikuwa akisema kutoka pale alipokaa juu ya ndoo. Waya za pampu nilizipitisha upande wake na waya za habari upande wake, mbali mbali, kwa sababu zikilala pamoja hunong'onezana na habari ikafika imepotoka. Nilizifunga mafungu nikazikunja kona sawasawa. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua chache nikaitazama, na sitaona haya kusema kwamba niliiona nzuri.

Wakati wote wa kufunga waya, kila moduli ilikuwa na ukanda wa karatasi umebandikwa juu yake, kufunika matundu yake, ili vipande vya shaba ninavyomenya visidondokee ndani. Mama Adventina alikuja na chai akasimama anaangalia. Aliuliza ukanda ule ni wa nini, Masanja akamwambia, "Mama, hizi mashine adui yao mkubwa ni uchafu." Kazi ilipokwisha tukabandua kanda zote kabla ya kuwasha, kama inavyotakiwa. Mama Adventina akauliza mbona tunazivua wakati vumbi ndiyo kwanza linaanza, maana kiangazi kilikuwa kimeingia na lori likipita barabarani hata maharage kwenye sufuria yalibadilika rangi. Masanja akacheka akasema asijali, mlango wa kabati utaletwa, ule wa kwanza ulikuwa umefika umepinda. Yeye akaitikia, "Haya," akachukua vikombe.

Tuliwasha. Pampu ikaguna, ikakaa sawa, na maji yakapanda kwenye tangi la kilimani. Wanawake wa vijiji vya juu, waliokuwa wakishuka bondeni na madumu tangu wawe wasichana, walifungua bomba wakapiga vigelegele mpaka tukavisikia kituoni. Mhandisi wa mradi, kijana aliyekuwa akija na gari kutoka Mwanza, mwenye haraka na macho ya mtu asiyelala vya kutosha, aliikagua raki akamwambia Masanja, "Binti yako amejitahidi." Tukafungasha tukahamia Bugarama kuanza kujenga kituo kingine, nami njia nzima nilikuwa naimba kimoyomoyo.

Hatujakaa sana, habari ikaja kwamba Nyarubungo kumezima. Mchana, jua likiwa kali, pampu imekata yenyewe, taa za raki zimekufa. Tukaenda. Tulipofika na kuwasha ikawaka, ikafanya kazi mchana kutwa na siku iliyofuata, mbele ya macho yetu, bila kukohoa. Tukarudi Bugarama. Ikazima tena. Tukaenda tena, ikawaka tena. Ukawa ugonjwa unaomwogopa daktari. Masanja alipima jenereta, akapima mota, akanituma nivute waya zote upya, na hakuna hata moja iliyoniachia. Mama Adventina alitupikia kila mara, akatuuliza mgonjwa anaendeleaje, na kila tulipoondoka alisimama mlangoni akituombea njia. Kule juu, bomba zilikauka kila alasiri. Siku moja mwanamke mmoja kwenye foleni ya ndoo tupu aliniuliza kama ni mimi niliyefunga nyaya zile. Nikasema ndiyo. Hakunitukana. Aliniangalia tu, akageukia wenzake akasema kitu kwa Kisubi, lugha ya pale, na wote wakageuka kunitazama.

Mhandisi alikuja Bugarama jioni moja. Walizungumza chumba cha pili na Masanja, nami nilikuwa nachambua mchele upande wangu wa ukuta. Nyumba ile nayo haikuwa na dari. "Mzee, mimi nakuheshimu," nilimsikia Mhandisi, "lakini kitu chochote kingine tumeshakipima. Kimebaki kimoja, zile waya za binti." Masanja akasema, "Waya zile nimeziona." Mhandisi akasema, "Umeziona kwa macho ya baba." Kisha akasema kwamba wiki inayokuja analeta fundi kutoka Mwanza, waya zote zing'olewe zifungwe upya, na mimi nirudi nyumbani, hakuna ubaya, si kila mtu amezaliwa kwa kazi hii. Nilimsubiri Masanja anitetee. Alichelewa kujibu, na alipojibu alisema, "Nitamwambia mwenyewe." Mchele nikaumwaga nikaanza kuuchambua upya, kwa sababu sikuwa naona tena lipi jiwe na lipi punje. Usishangae nikisema ule ndio wakati nilioogopa kuliko wakati wowote maishani, na nimezaa watoto. Niliitazama mikono yangu mwenyewe nikaanza kuidhani vibaya. Labda iliniambia waya umekaza nao haukukaza. Labda Mhandisi alisema kweli.

Masanja hakuniambia kesho yake, wala keshokutwa. Aliugua homa akalala, na nadhani alishukuru. Gari lilikuwa kwa Mhandisi. Mimi nikaona heri nikaitazame raki yangu kabla hawajaing'oa, nikaomba lifti kwenye lori la mihogo, nikashuka njia panda ya Nyarubungo saa za jua kali, nikatembea hadi kituoni nikiwa mwekundu kama tofali. Nilipiga hodi, kimya. Mama Adventina alikuwa shambani. Ufunguo nilijua unapokaa. Nikafungua chumba cha mitambo, joto la bati likanipiga usoni, nikaitafuta raki ukutani nisiione.

Ilikuwa imevaa. Kitambaa cheupe cha kufuma, kizito, kilichokunjwa mara mbili juu ya moduli zote na kushuka mbele mpaka chini, chenye pindo la maua mekundu na herufi za "Karibu Mgeni" zilizonyooka. Kilikuwa kimepigwa pasi. Taa za kijani zilikuwa zikichungulia katika matundu ya maua. Niliweka mkono juu nikautoa haraka, kwa maana chini yake palikuwa pa moto kama pasi yenyewe. Moduli hupumua kwa matundu yale ya juu, joto lake hutoka hapo, na hapo ndipo blanketi lilipolala. Kabla sijafanya lolote taa zikafa zote kwa pamoja na pampu ikanyamaza. Nikaketi sakafuni. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena, nikaibusu mikono yangu yenye mavumbi, huu na huu, kama mwendawazimu. Zilikuwa nzima. Waya zangu zilikuwa nzima!

Mama Adventina akaingia na jembe begani. "Mana yanje!" akamwita Mungu wake kwa lugha ya kwao. "Edita, umekuja bila gari? Mbona sikusikia gari?" Akakiwahi kitambaa akakiondoa, akakikunja haraka, kama mtu aliyekutwa na mgeni kabla hajatandika. Ndipo nilipoelewa yote. Gari letu lilisikika tangu linapopanda kilima. Kila aliposikia alikivua, kwa sababu mafundi wanakuja kufanya kazi, na nguo ya heshima haiachwi ichafuliwe na mafuta. Tulipoondoka alikifua, akakipiga pasi, akakivisha. Aliniambia haya mwenyewe, na uso wake ulikuwa mchangamfu. "Mliifunika wakati wa kuitengeneza, mkaivua mkaondoka. Nikasema mlango bado, vumbi hili litaiua. Si alisema adui yake ni uchafu? Nimefuma wiki nzima. Umeona maua?"

Niliona maua. Na niliona jambo la pili, ambalo lilinishusha moyo upesi kama ulivyopanda. Nikisema, mimi nimepona na yeye amekwisha. Mhandisi alikuwa ameshamfukuza mlinzi wa kituo kingine kwa kuanika unga kwenye paa la jenereta. Nisiposema, waya zinang'olewa, mimi naenda nyumbani, na kituo kitaendelea kuzima, na wanawake wa juu watarudi bondeni na madumu yao. Nilitamani angalau awe mtu mbaya. Alinitazama akaona. "Nimefanya nini?" akauliza. Nikachukua mkono wake nikauweka juu ya chuma. Aliuacha pale muda mrefu kuliko nilivyotaka, kisha akaenda kukaa juu ya ndoo ya Masanja, na kitambaa magotini. "Kumbe nilikuwa nainyonga," alisema. Nikamwambia tunaweza kunyamaza, kitambaa kikae sandukuni, mashine isizime tena, kila mtu aseme imepona. Akatikisa kichwa. "Na wewe? Watakuja wakung'olee waya zako wakati mimi nimekaa jikoni napika? Hapana, mwanangu. La kuvunda halina ubani."

Mhandisi alipofika, alikuja na fundi wa Mwanza na robota la waya mpya, na Masanja amejikokota nao, amejifunga shuka kwa homa. Mama Adventina alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili. Aliwasalimu, akawapa viti, akawapa maji ya kunawa, halafu akasimama mbele ya Mhandisi na kitambaa mikononi akamweleza, tangu ukanda wa karatasi hadi pasi, bila kuacha kitu na bila kujitetea. "Binti hana kosa," alimalizia. "Mwenye kosa ni mimi. Kama kuna wa kwenda nyumbani, vitu vyangu nimeshafunga." Na kweli, mtungi na redio vilikuwa mlangoni.

Masanja akainuka kabla Mhandisi hajafumbua mdomo. "Aliniuliza," alisema. "Aliniuliza mbona tunavua zile kanda, nikacheka. Nilimwambia mashine ina adui, sikumwambia ina pumzi. Ukimwondoa yeye, utuondoe wawili." Na mimi, ambaye nilikuwa nimemkasirikia tangu ile jioni ya mchele, kinyongo chote kikanitoka hapo hapo.

Mhandisi alikichukua kitambaa. Akakikunjua, akakigeuza nyuma kutazama mafundo, akasoma "Karibu Mgeni". Mdomo wake ulikuwa ukipigana na kitu. "Washeni," alisema. "Bila nguo. Tukae hapa tuone." Tukakaa, watu wote, kwenye chumba kile cha bati, jua likipanda juu ya vichwa vyetu. Fundi wa Mwanza alijipepea kwa kofia. Saa mbaya ikafika, ile ambayo taa zilikuwa zikifa kila siku, na mimi nilikuwa nazitazama mpaka zikawa kumi badala ya tano. Zikaendelea kuwaka. Pampu ikaendelea kuguna. Jua likavuka likaanza kushuka, na kutoka kilimani tukasikia watoto wakigombania bomba, kelele ya kawaida kabisa ya mahali penye maji.

Mhandisi akasimama akajinyoosha. Akamwambia fundi wa Mwanza arudishe waya garini. Akamwambia Masanja mlango wa kabati utafika hata ikibidi aubebe kichwani. Akamwambia Mama Adventina aingize mtungi wake ndani, usije ukapasuka juani. "Na hiki kitambaa," akasema, akaona haya kidogo, "nimeoa juzi tu, mama. Redio yetu haina nguo." Mama Adventina akamwambia achukue, na kwamba ya mkewe angemfumia nyingine iliyo bora, hii ilikuwa ya mashine. Masanja ndiye aliyeanza kucheka, homa na yote, na sisi tukafuata.

Mimi nilitoka. Nilikwenda nyuma ya nyumba, pale bomba kubwa linapotoka ukutani kuelekea kilimani, nikakaa chini nikaliegemea, na machozi yakanitoka bila ruhusa. Mama Adventina akanifuata akaketi kando yangu na gauni lake la Jumapili, udongo wote ule, yeye ambaye alikuwa hakai hata kwenye kiti bila kukipangusa.

"Nilidhani wataniondoa," nikamwambia.

"Hata mimi," akasema.

Tukakaa hivyo, migongo yetu ikitetemeshwa na maji yaliyokuwa yanapanda. Halafu akaniuliza kama nimekula.